Anton Janša: Mchoraji wa kijijini aliyeipa dunia Siku ya Nyuki

Kila tarehe 20 Mei simu yako hujaa picha za asali, maua na mizinga. Ni Siku ya Nyuki Duniani, na hata Tanzania huadhimishwa. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini ni tarehe 20 Mei na si siku nyingine?

Jibu ni mtu mmoja. Anaitwa Anton Janša, na tarehe hiyo inahusishwa na kuzaliwa kwake mwaka 1734. Hakuwa mfalme wala mwanasayansi wa chuo kikuu. Alikuwa mtoto wa mkulima, akajifunza kuchora, halafu akaishia kuwa mwalimu wa nyuki kwenye jiji la watawala.

Na kitabu chake cha kwanza hakikuhusu asali. Kilihusu jambo linalomuumiza kichwa kila mfugaji nyuki mpaka leo: nyuki wanapotoka kwenye mzinga kwa wingi na kuondoka zao.

Mizinga zaidi ya 100 nyumbani

Janša alizaliwa Breznica, kijiji kilicho chini ya milima, katika eneo lililoitwa Carniola. Leo ni sehemu ya nchi ya Slovenia. Enzi hizo lilikuwa chini ya familia ya kifalme ya Habsburg, iliyotawala kutoka Vienna.

Nyumbani kwao nyuki hawakuwa kitu cha kujifurahisha. Familia ilikuwa na mizinga zaidi ya 100, na wakulima wa jirani walikuwa wakikutana kwao kuzungumza kilimo na nyuki. Kwa hiyo kabla Anton hajajua kitu kingine chochote, alishajua nyuki.

Kulikuwa na jambo jingine pale nyumbani. Anton na ndugu zake wawili walipenda sana kuchora. Hawakuwa na elimu ya shule, lakini walichukua banda la zamani wakaligeuza kuwa karakana yao ya uchoraji.

Mwaka 1766 wakafunga safari kwenda Vienna kusomea sanaa. Fikiria: Anton ana miaka 32, ametoka kijijini, anaingia mji mkuu wa dola kubwa kabisa ya Ulaya ya kati. Mdogo wake Lovro alifanikiwa kwenye uchoraji na baadaye akawa mwalimu wa sanaa huko huko.

Anton yeye moyo wake ulikuwa kwingine.

Serikali yahitaji mtu anayejua nyuki

Wakati huo Vienna ilikuwa chini ya Maria Theresa, mtawala aliyekuwa akihangaika kuinua uchumi wa himaya yake. Kilimo kilikuwa ajenda kubwa, na nyuki walikuwa ndani yake. Asali ilikuwa utamu wa watu wengi, maana sukari ilikuwa ghali. Nta ilihitajika kutengeneza mishumaa ya nyumbani na ya makanisani.

Shida ni kwamba ufugaji wenyewe ulikuwa wa hasara. Sehemu nyingi za Ulaya, watu walifuga nyuki kwenye vikapu vya majani makavu. Ukitaka asali, ulikuwa ukiwaua nyuki wote kwa moshi wa kiberiti, kisha unakata masega. Yaani unapata asali na kupoteza mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa mwakani utapata wapi nyuki wengine? Jibu lilikuwa ni kusubiri machipuko, makundi yaliyobaki yagawanyike, halafu uyakamate yale yanayotoka. Usipoyakamata, umekwisha.

Ndipo kijana wa Breznica alipohitajika. Mwaka 1769 Janša alianza kufanya kazi ya nyuki muda wote. Mwaka 1770 akateuliwa rasmi kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki, wa kwanza kupewa kazi hiyo katika nchi za Habsburg. Manzuki yake ya kufundishia yalikuwa Augarten, bustani ya kifalme mjini Vienna.

Mchoraji akawa mwalimu wa serikali.

Kundi linapotoka

Ili uelewe kwa nini alianza na kitabu cha makundi yanayohama, lazima uelewe kinachotokea kwenye mzinga.

Baada ya baridi kali kuisha, maua yanachanua. Mbochi na chavua vinaingia kwa wingi, malkia anataga mfululizo, na mzinga unajaa nyuki makumi ya maelfu. Nafasi inakuwa finyu. Nyuki vibarua wanaanza kujenga vyumba maalumu vya kukuzia malkia wapya.

Kabla malkia mpya hajatoka, malkia wa zamani anaondoka. Anaondoka na nyuki wengi, mara nyingi nusu ya kundi au zaidi, na kila mmoja ameshiba asali ya safari. Hawaendi mbali mara moja. Wanatua kwenye tawi la karibu, wanashikana, na kuning'inia kama bumba moja kubwa linalotikisika.

Hapo wanatulia kwa saa chache, wakati mwingine siku moja au mbili, huku wapelelezi wao wakitafuta makazi mapya. Wakishapata, bumba zima linaruka na kupotea.

Muda huo mfupi ndio nafasi pekee ya mfugaji. Nyuki walioning'inia hivi kwa kawaida hawana ukali mwingi, maana wameshiba na hawana masega wala watoto wa kulinda. Mfugaji anaweka mzinga mtupu chini ya tawi, anatikisa tawi kwa nguvu mara moja, na bumba linaanguka ndani. Malkia akiwa amo, wengine wanamfuata. Mzinga unaachwa hapo hapo mpaka jioni ili waliokuwa nje warudi, ndipo unahamishwa.

Unaweza kudhani kazi imeisha. Kumbe bado. Kwenye mzinga wa zamani, baada ya wiki moja na ushee, kundi la pili linaweza kutoka na malkia kijana. Halafu la tatu. Kila likitoka, mzinga wa nyumbani unazidi kuwa dhaifu. Mfugaji asiyejua anaweza kufurahia makundi matatu msimu huu, halafu baridi ikija yote manne yakafa kwa njaa.

Ndiyo maana ujuzi huu ulikuwa na thamani ya fedha. Isitoshe, nyuki wa Carniola, wale wa rangi ya kijivu na wapole, wana sifa ya kuongezeka haraka machipuko yakianza na kupenda sana kugawanyika. Mtu aliyekulia na mizinga zaidi ya 100 ya nyuki hao alikuwa ameona makundi yakitoka tangu utotoni.

Mwaka 1771 Janša akatoa kitabu chake cha Kijerumani kuhusu kugawanyika kwa makundi ya nyuki. Alikuwa na miaka 37.

Alibishana na imani za zamani

Janša hakufundisha mambo ya kukariri. Aliamini alichokiona mzingani.

Enzi zake wapo walioamini kwamba nyuki madume ndio wachota maji wa mzinga. Janša alikataa. Pia alisema malkia hupandwa na madume nje ya mzinga, angani. Wakati huo hilo halikuwa jambo lililokubalika, na watu walikuwa na nadharia za kila aina. Miaka kama 20 baadaye, François Huber wa Geneva, mtafiti aliyekuwa kipofu na aliyetumia macho ya msaidizi wake, alionyesha kwa majaribio kwamba kweli malkia hupandwa nje.

Kwenye mizinga yenyewe, Janša alibadilisha umbo na ukubwa ili masanduku ya mbao yaweze kupangwa moja juu ya jingine kama matofali. Na uchoraji hakuuacha. Mizinga yake aliipaka picha upande wa mbele. Utamaduni wa kuchora mbele ya mizinga ukaja kuwa alama ya Slovenia, na leo mbao hizo za kale ziko kwenye makumbusho.

Alizunguka pia sehemu mbalimbali za Austria akieleza faida ya kuhamisha mizinga kufuata maua. Badala ya nyuki kukaa sehemu moja na kusubiri, mfugaji anawapeleka kwenye malisho, kama mchungaji anavyofanya na ng'ombe.

Miaka mitatu tu

Hapa ndipo hadithi inapouma. Tarehe 13 Septemba 1773 Janša alifariki dunia Vienna. Alikuwa na miaka 39.

Hesabu mwenyewe: tangu ateuliwe kuwa mwalimu ilikuwa imepita miaka kama mitatu. Kitabu chake kikubwa, mwongozo kamili wa ufugaji nyuki, kilikuwa hakijachapishwa. Alichojifunza kwa baba yake, kwa majirani na kwa mizinga ya Breznica kingeweza kuzikwa naye.

Hakikuzikwa. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1775, miaka miwili baada ya kifo chake. Maria Theresa aliagiza walimu wa ufugaji nyuki wafundishe kwa kutumia vitabu vya Janša. Mtoto wa mkulima ambaye hakupata elimu ya shule akawa ndiye mtaala.

Inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu, ingawa nyuki wetu wana tabia zao. Nyuki wa Afrika hawahami kwa kugawanyika tu. Kukiwa na njaa, ukame, moto au wadudu waharibifu, kundi zima linaweza kubeba malkia wake na kuuacha mzinga mtupu kabisa.

Na sisi tuna mbinu yetu ya kukamata makundi, ya miaka mingi. Mfugaji wa Tanzania, kwa mfano kwenye misitu ya miombo ya Tabora, hakimbizani na bumba kwenye tawi. Anatundika mzinga mtupu wa gogo au wa gome juu ya mti na kuacha nyuki waje wenyewe. Wakati wa Janša mtu alikifuata kundi lilipo, hapa kwetu mzinga ndio unaolisubiri kundi. Lakini elimu inayohitajika ni ile ile: kujua msimu gani nyuki wanahama, wanapenda nyumba ya namna gani, na nini kitawafanya wabaki.

Elimu hiyo mara nyingi iko kichwani kwa wazee wanaorina asali, haijaandikwa popote. Wakiondoka, inaondoka. Janša angekufa miaka mitatu mapema, kabla ya kitabu cha mwaka 1771, labda leo tusingekuwa tunalitaja jina lake.

Ilivyokuwa siku ya dunia

Slovenia ndiyo iliyopeleka hoja Umoja wa Mataifa. Desemba 2017 Baraza Kuu likapitisha 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika mwaka 2018. Tarehe iliangukia vizuri pia, maana huko kwao Mei ni mwezi ambao nyuki wako kazini na makundi yanatoka.

Pale Breznica banda la nyuki la kumkumbuka Janša bado lipo, na mbele yake mizinga imepangwa safu juu ya safu, imechorwa rangi.

Kwa hiyo 20 Mei ijayo ukiona bumba la nyuki limening'inia kwenye mwembe wa jirani, usilichome moto wala kulipulizia dawa. Kaa mbali, zuia watoto, na muite mtu anayefuga nyuki. Mwambie awahi, maana kesho pengine halitakuwepo.