Aliyeipinda Picha ya Runinga

Wapo wanaomwona Nam June Paik kuwa mtu aliyechezea runinga kuukuu, kisha akauita mchezo huo sanaa. Mimi sikubaliani nao. Alizaliwa Seoul mnamo 1932. Familia yake ikakimbia vita vya Korea mwaka 1950, naye akaenda kusomea muziki Japani na baadaye Ujerumani. Mnamo Machi 1963, mjini Wuppertal, alionyesha runinga ambazo picha zake alizivuruga makusudi. Moja ilikuwa imeharibika, ikabakiwa na mstari mwembamba wa mwanga. Akailaza ubavu, mstari ukasimama wima, na watu wakautazama.

Kazi ninayoienzi zaidi ni ya 1965. Aliweka sumaku kubwa juu ya runinga, nayo ikaipotosha miale ya elektroni ndani ya neli ya kioo, picha ikajikunja mithili ya kitambaa. Mtazamaji aliyezoea kuamini kila kilichopita machoni pake aling'amua kwamba picha hutengenezwa, na kwamba akiisogeza sumaku, nayo hugeuka.

Paik alifariki mjini Miami mnamo 2006. Mnara wake wa runinga 1,003, uliojengwa Korea Kusini mwaka 1988, ulizimwa 2018 kwa uchakavu, ukawashwa tena 2022 baada ya baadhi ya runinga hizo kubadilishwa kwa vioo bapa. Kwa mnara, naafiki. Ile ya sumaku, naomba isiguswe: kioo bapa hakina miale ya kupotoshwa, na sumaku juu yake ingekuwa kipande cha chuma tu.