John Wesley na Tunda la Kiasi

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia habari za tunda la Roho, alianza na upendo, akamalizia na kiasi, yaani kujitawala. Upendo tunauimba kila Jumapili, kiasi tunakiacha kitabuni. Basi tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekishika.

John Wesley alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi, lakini madeni yalimwandama, hata mwaka 1705 akafungwa jela kwa sababu ya deni. Mama yake, Susanna, hakuwa na fedha ya kumsaidia, akampelekea pete zake, mumewe akazirudisha. Mama huyu alizaa watoto 19, na waliokua ni 10. Ndiye aliyewafundisha kusoma yeye mwenyewe, kila kitu kwa saa yake. Kwa hiyo John alijua tangu utotoni deni linavyoitesa nyumba.

Akasoma Oxford, na baadaye akawa mwalimu huko. Yeye na mdogo wake Charles na wenzao wachache walikuwa na kikundi cha kusali, kufunga na kutembelea wafungwa. Watu waliwacheka kwa utaratibu wao, wakawabandika jina la Methodist, na jina hilo likawa la kanisa zima, lililofika pwani ya Kenya mwaka 1862.

Mmoja wa kikundi kile, na inaaminika ni John mwenyewe, alipata paundi 30 kwa mwaka. Alitumia 28, akawapa maskini 2. Mwaka wa pili alipata 60, akatumia zile zile 28. Mwaka wa tatu 90, wa nne 120, na matumizi yakabaki 28. Iliyozidi yote ilikwenda kwa maskini. Sisi je? Pato likipanda kidogo, matumizi yamekwisha kupanda kabla yake! Asiye na kitu hubana matumizi apende asipende. Kiasi hupimwa siku ya kupata.

Mwezi wa Julai 1746 Wesley na viongozi wenzake waliona kwamba chai, iliyokuwa ghali siku hizo, inakula fedha za waumini maskini. Badala ya kuwakataza wengine, wakaanza wao kuiacha. Wesley alikuwa ameinywa miaka 26. Siku tatu kichwa kilimuuma na akasinzia kutwa, hata kumbukumbu ikampotea. Akaomba, na siku ya nne akaamka mzima. Miaka mingi baadaye daktari alimshauri ainywe tena, naye akainywa.

Mwezi ule ule akamaliza kuchangisha mfuko wa kukopesha maskini huko London. Mwanzoni zilipatikana paundi 30 hivi tu. Hakuna aliyekopeshwa zaidi ya shilingi 20 kwa mara moja, yaani paundi moja, na marejesho yalikuwa ya kila wiki, yaishe kwa miezi mitatu. Kwa fedha hiyo kidogo, katika mwaka mmoja na nusu walisaidiwa watu zaidi ya 250. Iliwezekanaje? Kila aliyekopa alijizuia akarudisha, na mwenzake akapata. Wanachama, haya si mageni kwetu. Marejesho ya mmoja yakichelewa, yuko mama anayengoja karo ya mtoto au mtaji wa genge.

Mwaka 1776 wakubwa wa kodi walimwandikia atangaze vyombo vyake vya madini ya fedha. Akawajibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, wala hataongeza kingine wakati watu wanaomzunguka hawana mkate. Na huyu ni mtu ambaye vitabu vyake vilimwingizia fedha nyingi, alizigawa.

Hata hivyo hakuwa malaika. Mwaka 1751 alimwoa mjane, Mary Vazeille. Yeye alikuwa safarini daima, ndoa ikakosa amani, na mwishowe wakatengana. Tunalisema hili tusije tukadhani kiasi ni cha mfuko peke yake. Ulimi nao unahitaji kutawaliwa, na kazi pia, hata iwe kazi ya Bwana.

Wesley alifariki London tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87. Hakuacha mali ya kugombaniwa.

Sasa tunaanza miaka kumi mingine, na mfuko wetu si mdogo kama ulivyoanza. Hapo ndipo pa hatari, maana fedha ikiwa nyingi na tamaa huongezeka. Kila mama akumbuke zile paundi 28, ajiwekee kiwango chake cha matumizi na akishike hata biashara ikichanganya. Na tuombeane, kwa kuwa kiasi ni tunda la Roho, halikui kwa nguvu zetu wenyewe.