Mo Amin, Kamera ya Boksi na Swali la Jina

Kila mahafali yakikaribia hapa chuoni ubishi ni ule ule. Mwenye kamera yenye jina kubwa kwenye mkanda ndiye anaitwa kwanza na anataja bei anayoitaka. Mwenye kamera ya mtumba anaambiwa asubiri. Kuna wenzetu wameshaanza kupiga hesabu: wakibana bumu mihula miwili, wale mlo mmoja kwa siku, watapata kamera ya chapa. Sasa je, wananunua ubora au wananunua jina?

Mimi nimeona nijibu kwa maisha ya mtu: Mohamed Amin, aliyejulikana kama Mo. Huku kwetu Kagoma, Muleba, ukitaja Amin wazee wanamkumbuka yule Iddi aliyetuletea vita mwaka 1978. Huyu ni mwingine. Huyu alikuwa anampiga picha yule.

Mo alizaliwa Nairobi mwaka 1943, baba yake akifanya kazi reli. Alikulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza akiwa bado mtoto: Box Brownie ya Kodak, tena ya mkono wa pili. Kwa wasioijua, ile ilikuwa boksi kweli. Lenzi moja nyepesi, hakuna kuzungusha chochote ili picha itulie, na kasi ya kufungua na kufunga ni moja tu, haibadiliki. Filamu yake ilitoa picha 8 basi. Toleo la kwanza kabisa, mwaka 1900, liliuzwa Marekani kwa dola 1.

Ukiwa na kitu kama hicho, unalazimika kujua jua liko wapi. Ukisimama vibaya, picha imekufa. Kitu kikipita mbele yako kwa kasi, unapata ukungu. Lakini negativu yake ilikuwa kubwa, kwa hiyo kwenye mwanga mzuri picha ilitoka ya kueleweka kabisa. Kijana akaanza kuuza picha magazetini kabla hajamaliza shule. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20 hivi, akafungua kampuni yake Dar es Salaam, Camerapix. Ni umri ambao wengi wetu tuko mwaka wa pili tunalalamikia ratiba ya mitihani.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kamera ghali ni utapeli. Mtu hawezi kuingia kwenye mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 kwa kutegemea boksi. Mo alikuwa na tabia ya kupiga picha za mnato na kurekodi filamu kwenye tukio lile lile, kwa hiyo vifaa vyake vilitakiwa kuitika papo hapo. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Mo alifika ndani ya dakika chache. Siku kama hiyo hakuna kurudia. Ubora wa kweli wa kamera uko hapo: lenzi inayoona kwenye giza, kasi ya kugandisha tukio, na mwili usiokufa kwa vumbi na mvua. Hivyo vinalipiwa, na ni halali vilipiwe.

Kinachobaki juu ya hapo ndicho cha kuuliza. Chukua Leica. Wajerumani hawa walianza kuuza kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 mwaka 1925, na wakati ule ilikuwa mageuzi hasa, mtu akaweza kutembea na kamera mfukoni. Leo Leica M11, bila lenzi, ilitoka mwaka 2022 kwa karibu dola 9,000, na bado unaitafutia fokasi kwa mkono. Kali zaidi ni hii: kampuni hiyo imeuza kamera ndogo za D-Lux ambazo kwa ndani ni Panasonic, lenzi ile ile, kwa bei ya juu zaidi. Tofauti kubwa anayoiona jirani ni kile kidoti chekundu. Sisi Wahaya tunataniwa nshomile kwa kupenda vya majina, lakini naona tuna ndugu wengi Ulaya.

Turudi kwa Mo. Mwaka 1966 alifungwa Zanzibar karibu mwezi mmoja, kisha akahamia Nairobi. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao ya njaa ilirushwa tarehe 23, ikarudiwa na mamia ya vituo duniani, na mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Taja chapa ya kamera iliyotumika Korem. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na sidhani kama kuna aliyelia mbele ya televisheni akaijali.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Kamera, ya bei yoyote ile, hutengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili. Baada ya miezi michache alikuwa kazini na mkono wa bandia.

Novemba 23, 1996, miezi sita tu baada ya MV Bukoba kuzama na watu wetu, Mo alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis kurudi Nairobi. Ikatekwa. Watekaji walitaka Australia, mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Komoro. Watu 125 walikufa, Mo akiwemo, akiwa na miaka 53.

Ndege ile ikigonga maji ilirekodiwa, na mkanda huo ukaoneshwa dunia nzima. Aliyeurekodi alikuwa mtalii ufukweni, na kamera ya video ya nyumbani.