Baba ya Simba na Usiku wa Elsa

Mfunguo Sita wa mwaka jana nilikesha siku tatu ukumbini kwangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, nikimwuguza paka. Jina lake Mashaka, naye alikuwa amekaa nasi miaka 16, umri ambao paka wachache huufikia. Figo zake zilikuwa zimechoka. Daktari wa wanyama alikwisha kuniambia kwamba hapakuwa na dawa tena, na kazi iliyobaki ilikuwa kumtonesha maji kinywani kwa pamba na kumpangusa. Shangazi yangu alikuja kututazama, akasimama mlangoni, akacheka. Aliniuliza kama nimekosa binadamu wa kuwauguza hata nikaamua kukesha na paka.

Sikuweza kumjibu kwa hadithi za Mtume, s.a.w., kwa sababu yeye amesomesha chuoni miaka mingi na hizo azijua kunishinda. Yule mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa kwa njaa, amjua. Abu Huraira, radhi za Allah zimfikie, na lakabu yake iliyotokana na paka, amjua vilevile. Lakini rai yake ilikuwa kwamba kutomtesa mnyama ni jambo moja, na kumkeshea ni jambo jingine kabisa. Basi nilipokosa la kusema nikamsimulia habari za hayati George Adamson, ambazo leo nataka kuwasimulia nanyi wasomaji.

Wengi wenu mwalijua jina hili kwa senema ya Born Free iliyotolewa mwaka wa 1966. Bara walimwita Baba ya Simba. Sisi watu wa pwani tungesema Baba wa Simba, lakini jina limeshika na mimi silibadilishi. Alizaliwa Bara Hindi tarehe 3 Februari, 1906, akaja Kenya mwaka wa 1924 akiwa kijana wa miaka 18, kwani baba yake alikuwa na shamba la kahawa Limuru. Shamba halikumweka. Alitafuta dhahabu, akafanya biashara ya mbuzi, akawaongoza wawindaji, na hakuna hata moja katika hayo lililomtajirisha. Mwaka wa 1938 aliingia katika idara ya serikali ya wanyama wa porini, akapewa kulinda ile nchi kubwa kavu ya kaskazini, makao yake Isiolo. Mwaka wa 1944 alimwoa Joy, mama wa Kizungu aliyekuwa hodari wa kuchora maua na sura za watu.

Tusijidanganye kuhusu kazi yake. Bwana Game wa siku zile alikuwa mtu wa bunduki. Simba akila watu au ng'ombe, yeye ndiye aliyeitwa akamalize. Na hivyo ndivyo kisa chenyewe kilivyoanza, maana tarehe 1 Februari, 1956, alipokuwa akimsaka simba aliyekula watu, simba jike alimrukia naye akampiga risasi akamwua. Baadaye ndipo ilipojulikana sababu ya ukali ule. Katika ufa wa jabali palikuwa na watoto wake watatu, wachanga mno. George akawachukua, akawapeleka nyumbani kwa Joy. Wawili wakubwa walipelekwa baadaye kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, na yule mdogo kuliko wote akabaki. Huyo ndiye Elsa.

Watu wa Kiunga wana fungu lao katika hadithi hii, jambo ambalo huwa nafurahi kulitaja. Elsa alipokuwa bado hajakua sawasawa, Adamson na mkewe walimchukua wakaenda kupumzika huko, kwenye pwani ya Wabajuni, karibu na mpaka wa Somalia. Mwana wa simba wa nyika kavu akaiona bahari. Aliogelea, akawakimbiza kaa mchangani.

Baadaye wakakata shauri kumrudisha porini, kazi ambayo watu wengi walidhani haiwezekani, kwani simba aliyelelewa na watu hajui kuwinda. Walimfundisha polepole huko Meru, kando ya mto Ura, mpaka akaweza kujitafutia riziki. Desemba ya mwaka wa 1959 alizaa watoto watatu porini, na hata hivyo aliendelea kuja kambini kuwaamkua waliomlea.

Hapa ndipo shangazi alipoketi.

Januari ya mwaka wa 1961 Joy alikuwa Nairobi, na George alikuwa peke yake na watumishi wake huko kambini. Elsa akaugua. Alikuwa amekonda, hapendi kula, pumzi zinamwenda kwa shida. George alimwona yule mnyama aliyezoea kuwinda akishindwa hata kusimama, naye alijua, kama ajuavyo mtu yeyote aliyekaa porini miaka zaidi ya ishirini, kwamba ugonjwa ule haukuwa mdogo. Alituma watu Isiolo kutafuta dawa na kumpasha Joy habari. Lakini barabara za wakati ule mwazijua, na dawa iliyo safarini haimfai mgonjwa aliye hapa. Kwa hiyo akafanya lililowezekana. Alimpelekea maji alipolala, akajaribu kumpa chakula na dawa kidogo alizokuwa nazo, na usiku akalala kando yake, na wale watoto watatu wakizungukazunguka karibu bila kufahamu linalompata mama yao.

Tarehe 24 Januari Elsa alikufa, kichwa chake kimelala juu ya mapaja ya George. Alikuwa na umri wa karibu miaka mitano tu. Joy alipowasili, mambo yalikwisha kupita. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na babesia, vijidudu viletwavyo na kupe ambavyo huingia katika damu na kuziharibu chembechembe zake nyekundu. Wakamzika papo hapo kando ya mto, na kaburi lake liko katika mbuga ya Meru.

Mimi nilifikiri nimekwisha shinda hoja, lakini shangazi akaniuliza huyo Mzungu alikesha na watu pia, au na simba tu? Nikalazimika kumweleza habari za Boy, ambazo wapenzi wa senema huwa hawazitaji.

Boy alikuwa mmoja wa simba waliotumiwa katika ile senema. George alimchukua Meru kumzoeza maisha ya porini kama Elsa. Mwaka wa 1969 akavunjika mguu. Madaktari walimpasua wakamtia chuma mfupani, na George akamwuguza kwa miezi mingi huko Naivasha, wakati ambapo watu wengi wangesema ni afadhali simba huyo auawe apumzike. Alipopata nafuu akahamia naye Kora, kando ya mto Tana, mwaka wa 1970. Tarehe 6 Juni, 1971, karibu na kambi, Boy alimshambulia Stanley, mtumishi wa George. George alisikia kilio, akakimbia na bunduki, akampiga risasi yule simba aliyemwuguza kwa mikono yake. Stanley naye akafa baada ya muda mfupi, damu zimemwisha.

Nakiri kwamba mahali hapa hadithi hii hunisumbua. Watu wa dunia nzima walijua jina la Elsa, na jina la Boy, na ni wachache walioulizana Stanley alikuwa mtoto wa nani. Tena George hakuacha. Aliendelea kukaa na simba huko Kora miaka mingine 18. Wako waliomlaumu, na sidhani kuwa walikosea kila kitu. Lakini siwezi pia kusema kwamba alimpenda mnyama hata akamsahau mtu, kwa kuwa siku ile ilipombidi kuchagua hakusita, ijapokuwa kitu alichokiua kilikuwa kazi ya miaka yake yote ya uzeeni.

Shangazi hakusema neno. Aliniuliza tu mwisho wake ulikuwaje.

Joy, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiishi mbali naye, aliuawa Shaba tarehe 3 Januari, 1980. George aliuawa na majambazi wenye bunduki huko Kora, tarehe 20 Agosti, 1989, akiwa na miaka 83. Alikuwa ameingia katika gari lake kwenda kumwokoa mgeni wake aliyekuwa amekamatwa njiani. Watumishi wake wawili waliuawa pamoja naye. Yeye alizikwa Kora, kando ya ndugu yake Terence aliyetangulia mwaka wa 1986.

Adhana ya alfajiri ilitukuta bado tumekaa. Shangazi aliinuka akaenda kutia udhu, na aliporudi alikuwa amechukua kanga yake moja kuukuu, akamtandikia Mashaka, kwa kuwa ile niliyomlazia mimi ilikuwa imelowa.