Auguste Mariette: Mfaransa aliyemnyima malkia dhahabu ya Firauni

MIONGONI mwa umati uliofurika katika Maonyesho ya Dunia jijini Paris mwaka wa 1867 alikuwamo mwanamke mmoja ambaye hakuzoea kunyimwa kitu. Huyo alikuwa Malkia Eugénie, mke wa Kaisari Napoleon III, ambaye mavazi na mapambo yake yaliigwa na wanawake wa tabaka la juu kote barani Ulaya.

Katika sehemu iliyotengewa Misri alikuta hekalu lililojengwa kwa mfano wa yale ya kale, na humo mlikuwa na vito vya dhahabu vya Malkia Ahhotep, aliyeishi yapata miaka 3,500 iliyopita. Eugénie alivitazama, akavipenda, akavitaka viwe vyake.

Ombi lake lilifikishwa kwa mtawala wa Misri, Khedivu Ismail. Huyu ndiye yule ambaye miaka minane baadaye, mwaka wa 1875, majeshi yake yalitua Barawa na Kismayu katika milki ya Sultani Barghash wa Zanzibar, kabla ya Waingereza kumshurutisha ayaondoe. Ismail alipenda sana kuonekana sawa na wafalme wa Ulaya, na asingethubutu kumwudhi mke wa Kaisari. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba alimjibu kuwa kule Bulaq, jijini Cairo, kulikuwa na mtu mwenye usemi kumzidi yeye, na kwamba mtu huyo ndiye wa kuombwa.

Mtu huyo alikuwa Auguste Mariette, Mfaransa, raia wa Kaisari huyo huyo. Inasemekana aliahidiwa vyeo vya kutamanisha. Akakataa katakata, na maonyesho yalipokwisha vito vile vikafungwa masandukuni na kurejeshwa Cairo.

Uamuzi huo unafaa kukumbukwa na kila anayekusanya zile bruchi za zamani za dhahabu, yaani pini za urembo zibanwazo kifuani, zilizofuliwa Ulaya kwa mtindo wa Misri ya kale. Vito halisi vilirudi nyumbani kwao. Waliovitamani walibaki na vya kuigwa, na hivyo vya kuigwa ndivyo vinavyotafutwa leo kwa pesa nyingi katika minada.

Mariette alizaliwa Februari 11, 1821, katika mji wa bandari wa Boulogne-sur-Mer, kaskazini mwa Ufaransa. Akiwa kijana wa miaka 18 hivi alivuka bahari kwenda Uingereza, akafundisha Kifaransa na uchoraji mjini Stratford, kisha akahamia Coventry kuchora michoro ya kufumwa kwenye utepe. Kazi hiyo haikumwendea vyema, naye akarudi kwao kuwa mwalimu.

Wengi wanaoandika kumhusu huipita haraka hiyo kazi ya utepe. Mimi nadhani haikupotea bure. Mtu aliyewahi kukaa mezani akipanga maua na mistari ili ivutie macho ya wanunuzi alijua thamani ya urembo wa kale kabla hajaona hata kaburi moja la Misri.

Mnamo 1842 binamu yake, Nestor L'Hôte, mchoraji aliyewahi kufika Misri, alifariki. Karatasi za marehemu zilipoletwa ili zipangwe, kazi hiyo alipewa Mariette. Alizama humo asitoke tena. Alijifunza mwenyewe kusoma maandishi ya Misri ya kale, akisaidiwa na jeneza moja la kale lililokuwa katika jumba la makumbusho la mjini kwao.

Mwaka wa 1849 alipata kibarua kidogo katika jumba la Louvre, Paris, na mwaka uliofuata akatumwa Misri kununua hati za kale za Wakristo wa Kikopti. Wenye hati hawakuwa tayari kuuza. Akiwa na pesa za serikali mfukoni na hana cha kununua, alitembelea Saqqara, akaona kichwa cha sanamu kikichungulia mchangani. Alikumbuka kwamba Strabo, mwandishi Mgiriki wa kale, aliwahi kueleza kuhusu njia yenye sanamu za sfinksi zilizokuwa zikifukiwa na mchanga karibu na hekalu la Serapis.

Pesa za hati zikawa mshahara wa wachimbaji. Novemba 1851 aliingia katika mahandaki walimozikwa mafahali watakatifu wa Apis, kila mmoja na jeneza lake kubwa la jiwe. Ugunduzi huo ulimpa sifa Ulaya nzima.

Hapa pana jambo lisilostahili kufichwa. Serikali ya Misri ilipomwamuru asimamishe kazi, Mariette alichimba usiku na kuvificha alivyovipata. Maelfu ya vitu yalisafirishwa hadi Louvre, yakiwemo mapambo ya dhahabu yenye jina la Firauni Ramses II. Moja ni pambo la kifuani lenye umbo la mlango wa hekalu, ambamo tumbusi na nyoka wamekaa bega kwa bega chini ya ndege mwenye mabawa yaliyokunjuliwa. Liko Paris hadi leo. Kwa hivyo mtu aliyemnyima malkia dhahabu ya Misri mwaka wa 1867 ndiye aliyeitoa dhahabu ya Misri kwa siri miaka 15 hivi kabla yake.

Ni nini kilichombadilisha? Bila shaka cheo kilichangia. Juni 1858 mtawala wa wakati huo, Said Pasha, alimteua kuwa mkuu wa mambo ya kale ya Misri, akampa uwezo wa kuchimba popote. Lakini cheo peke yake hakitoshi kueleza. Mariette alikuwa ameona jinsi urithi wa nchi ulivyogawanywa kama peremende. Mnamo 1855 Said huyo huyo alimzawadia Maximilian, ndugu wa Kaisari wa Austria, mkusanyiko mzima wa vitu vya kale uliokuwa umehifadhiwa Cairo. Vitu hivyo vikaenda Vienna.

Februari 1859 ulikuja mtihani wenyewe. Wachimbaji wake walifukua jeneza lililopakwa dhahabu huko Dra Abu el-Naga, ng'ambo ya mji wa Luxor. Mariette hakuwepo. Gavana wa Qena alilinyakua jeneza, akalifungua, maiti ya malkia ikaharibiwa, na vito vikapakiwa mashuani kupelekwa kwa Said kama zawadi kutoka kwake gavana.

Mariette alipopata habari alipanda meli ya mvuke, akapanda nayo Mto Nile kuikabili mashua hiyo. Walipokutana alidai akabidhiwe sanduku. Wenye mashua wakakaidi. Akawatisha na kufoka, hata ikakaribia kumwagika damu, na mwishowe wakasalimu amri. Kisha akawahi kwa Said na kumsimulia kisa chote kwa namna iliyomchekesha mtawala huyo badala ya kumkasirisha. Said alijitwalia mkufu na dundu mmoja wa dhahabu, lakini mkufu baadaye ukarejeshwa. La maana zaidi ni kwamba aliagiza pajengwe mahali pa kuvihifadhi vito hivyo.

Ndivyo lilivyozaliwa jumba la makumbusho la Bulaq, lililofunguliwa mwaka wa 1863 kando ya Nile.

Vito vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Palikuwa na nzi watatu wakubwa wa dhahabu walioning'inizwa kwenye mkufu, nishani ya ushujaa vitani. Palikuwa na shoka na jambia la Mfalme Ahmose, aliyewafukuza wavamizi wa Hyksos, pamoja na mashua ndogo ya dhahabu yenye wapiga makasia wa fedha. Na palikuwa na pambo la kifuani ambamo miungu wawili wanammiminia mfalme maji, lililopambwa kwa feruzi, akiki na mawe ya buluu.

Masonara wa Ulaya waliyaona hayo, kwanza London mwaka wa 1862, kisha Paris mwaka wa 1867. Mtindo wa Misri haukuwa mgeni kwao, kwani ulishawahi kuvuma tangu Napoleon wa kwanza alipoivamia nchi hiyo mwaka wa 1798. Mjini Roma, karakana ya ukoo wa Castellani ilikuwa ikifua mapambo yenye dundu wa Misri kufikia miaka ya 1860. Lakini kabla ya Mariette waliigiza zaidi majengo na sanamu. Sasa walikuwa na dhahabu yenyewe mbele ya macho yao. Katika maonyesho yale yale ya 1867, masonara wa Paris kama Baugrand na Froment-Meurice walionyesha mapambo ya mtindo huo, na Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka wa 1869, Eugénie mwenyewe akihudhuria, hamu ya Misri ilizidi kupanda.

Atazamaye bruchi za miaka hiyo ataona dundu aliyekunjua mabawa, ua la yungiyungi, kichwa cha mwanamke aliyevaa kilemba cha Firauni, na umbo lile la mlango wa hekalu. Cha kuchekesha ni kwamba Wamisri wa kale hawakuwa na desturi ya kuvaa bruchi. Pambo la kifuani walilining'iniza kwa nyuzi za shanga au mkufu. Ni mavazi mazito ya wanawake wa Ulaya yaliyohitaji pini, na pini hiyo ikavishwa sura ya Misri.

Mkusanyaji mwenye uzoefu huigeuza bruchi kabla ya kuisifu. Nyuma ndiko iliko habari. Dhahabu ya Ufaransa ya karati 18 tangu mwaka wa 1838 hupigwa muhuri mdogo wa kichwa cha tai. Pini za karne ya 19 aghalabu hushikwa na kindoana cha wazi kilichopindwa mfano wa herufi C, kisicho na kifungio cha usalama. Upande wa mbele, fundi wa kale wa Misri alikata jiwe na kulipachika katika kijumba chembamba cha dhahabu, ilhali sonara wa Paris mara nyingi alijaza kijumba hicho kwa unga wa kioo wenye rangi na kuuyeyusha kwa moto.

Kuna pia dundu walio halisi, waliochongwa zama za Mafirauni na kupachikwa katika dhahabu mpya, na kuna wa bandia wengi zaidi waliochongwa Luxor kwa ajili ya watalii. Nazo bruchi za baada ya mwaka wa 1922, kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa, zina mistari iliyonyooka na pembe kali. Kampuni ya Cartier ilitengeneza baadhi yake kwa kutumia vipande halisi vya vigae vya kale vya buluu, kikiwemo kile cha mwaka wa 1924 chenye umbo la dundu mwenye mabawa.

Zilizosalia si zote zilizofuliwa. Mitindo ilipobadilika, mapambo mengi ya dhahabu yalipelekwa kwa masonara yakayeyushwa kwa uzito wake.

Mariette mwenyewe hakutajirika. Mgala muue na haki mpe: hakuwa mtu wa kupendwa na kila mmoja. Wachimbaji wake wengi walikuwa wanakijiji walioshurutishwa kufanya kazi, alitumia baruti pale ambapo leo mtaalamu hutumia brashi, na hakupenda mtu mwingine achimbe. Mengi aliyoyafukua hakuyaandikia maelezo ya kutosha. Mwingereza Flinders Petrie, aliyefika Misri mwishoni mwa mwaka wa 1880, alimlaumu vikali kwa hayo.

Maisha ya nyumbani yalimpa majonzi tele. Mkewe, Éléonore, alifariki mwaka wa 1865, mwaka ambao kipindupindu kiliivamia Misri, na watoto wake kadhaa aliwazika yeye mwenyewe. Ugonjwa wa kisukari ulimdhoofisha na macho yakaanza kufifia.

Bado Ismail alimhitaji. Khedivu alitaka opera ya Kimisri kwa ajili ya ukumbi wake mpya, na Mariette ndiye aliyetunga kisa kilichokuja kuwa Aida, muziki wake ukitungwa na Giuseppe Verdi. Yule mchoraji wa utepe alirudia kalamu yake, akachora mavazi na mapambo kwa kufuata aliyoyaona makaburini. Alikwenda Paris kusimamia ushonaji, vita kati ya Ufaransa na Prussia vikazuka, naye akanaswa pamoja na mavazi yake ndani ya jiji lililozingirwa. Aida ilionyeshwa Cairo mkesha wa Krismasi mwaka wa 1871.

Mwaka wa 1878 Mto Nile ulifurika, maji yakaingia katika jumba la Bulaq na kuharibu sehemu ya daftari na michoro yake. Alianza upya kuandika akiwa mgonjwa. Mwaka uliofuata alipewa cheo cha Pasha.

Alifariki Januari 18, 1881, katika nyumba yake kando ya jumba hilo, akiwa na miaka 59. Alizikwa Bulaq katika jeneza la jiwe lililoundwa kwa mfano wa yale ya kale. Jumba la makumbusho lilipohamishiwa Giza baadaye, jeneza lake nalo lilihamishwa. Lilipohamia tena Tahrir, katikati ya jiji la Cairo, mwaka wa 1902, jeneza lilifuata, na lipo bustanini hapo hadi leo. Vito vya Ahhotep navyo vimebaki Misri.