Askofu Festo Kivengere, Mchungaji Aliyevuka Mpaka Usiku

Katika toleo hili tumeona vema tuwasimulie maisha ya mtumishi wa Mungu ambaye baadhi ya wazee wetu walimsikia akihubiri, lakini vijana wetu wengi wanamjua kwa jina tu, au hawamjui kabisa. Ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Tumemchagua kwa sababu alikuwa mkimbizi kama sisi, na nchi aliyoikimbilia usiku ule ni hii hii ya Rwanda, ambayo leo imetupa sisi mahali pa kulaza vichwa vyetu. Ukipanda basi Nyabugogo ukaenda Gatuna, ukivuka tu unaingia katika milima yake.

Festo alizaliwa mnamo 1919 huko Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Alisoma shule ya misheni, akabatizwa, akawa mwalimu. Hapo mtu angesema mambo yake yamenyooka. Lakini moyo wake ulikuwa umepoa, na kijana huyu aliyekuwa amefundishwa Maandiko akawa mnywaji wa pombe na mwenye kudharau mambo ya Mungu. Tunalisema hili kwa ajili ya wazazi wanaolia juu ya watoto wao waliokulia katika shule ya Jumapili na leo hawataki hata kusikia kengele ya kanisa. Festo naye alikuwa hivyo.

Kilichombadilisha kilitoka huku kwetu. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, mashariki ya Kigali, pale juu ya ziwa Muhazi, katika kituo cha misheni chenye hospitali ambako daktari Mwingereza Joe Church alifanya kazi pamoja na Waafrika kama Blasio Kigozi na Yosiya Kinuka. Watu walianza kuungama dhambi zao waziwazi, kurudisha vitu walivyoiba na kupatana na wale waliowachukia. Mwaka 1935 kundi kutoka Gahini lilikwenda Kabale kwa mkutano, na moto huo ukashika vilima vyote vya Kigezi. Miaka michache baadaye ulifika Rukungiri, ukamkuta mwalimu Festo. Alijaribu kuukimbia. Rafiki yake mmoja, mwalimu kama yeye, akaokoka kabla yake, akamjia kumwomba msamaha. Jambo hilo lilimwuma Festo kuliko mahubiri yote. Jioni ile ile, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipiga magoti nyumbani kwake.

Baada ya kuokoka, kitu kilichomsumbua zaidi hakikuwa pombe. Kulikuwa na mzungu mmoja aliyemchukia kwa muda mrefu, na sasa dhamiri haikumpa usingizi. Basi alipanda baiskeli, akasafiri maili kama 50 katika barabara zile za milima, ili amwombe mtu yule msamaha. Wapendwa, tukumbuke safari hii ya baiskeli, maana baadaye itabidi aende safari nyingine ya namna hiyo, iliyo ngumu zaidi.

Katika miaka ya 1940 Festo na mkewe Mera walikwenda Tanganyika, akafundisha shule ya Dodoma kwa miaka mingi. Hakupelekwa huko kama kasisi, alikwenda kama mwalimu wa kawaida mwenye chaki mkononi. Ndiko alikojifunza Kiswahili sawasawa, na ndiko sauti yake ilikojulikana. Mwaka 1959 alikwenda Australia kuhubiri pamoja na Askofu Yohana Omari wa Tanganyika. Mwaka 1960, Billy Graham alipohubiri Moshi chini ya Kilimanjaro, aliyemtafsiria kwa Kiswahili alikuwa Festo. Alipata daraja la ukasisi akiwa mtu mzima, katika miaka ya 1960 baada ya kusoma Marekani, akawa mwinjilisti katika shirika la African Enterprise, na mwaka 1972 akachaguliwa kuwa Askofu wa Kigezi.

Wakati ule Idi Amin alikuwa ameshika nchi tangu Januari 1971. Askofu mpya hakukaa kitini hata miezi mitatu kabla ya kuonja uchungu wake. Tarehe 10 Februari 1973 watu watatu wa eneo lake waliletwa katika uwanja wa Kabale ili wapigwe risasi mbele ya watu wote. Wananchi waliamriwa kuja kutazama, maelfu wakasimama kimya. Festo aliomba ruhusa ya kusema na wale watu kabla hawajafa, akapewa. Alitembea kuwaelekea kutoka nyuma, akiwaza maneno gani mchungaji anaweza kumwambia mtu ambaye amebakiwa na dakika chache tu. Walipogeuka, aliona nyuso ambazo hakuzitegemea. Walikuwa wameokoka gerezani. Wao ndio walioanza kumweleza yeye kwamba Yesu amewasamehe, na wakamwomba awaeleze ndugu zao wasiogope. Festo alikuwa amekuja kuwafariji, akafarijiwa yeye. Akawageukia askari, akawatafsiria maneno ya wale watu, na askari wakashangaa kiasi kwamba walisahau kuwafunika nyuso. Wale watatu wakafa wakiwa wameinua mikono yenye pingu kuwapungia watu.

Tumeona baadhi ya wahubiri wakilisimulia jambo hili kana kwamba ni habari ya furaha tupu. Hapana. Watu watatu waliuawa hadharani, na wake na watoto wao wakaanza siku ile maisha ya ujane na uyatima. Festo mwenyewe hakuficha hayo. Alichoshuhudia ni kwamba hata katika uwanja ule, ambapo mtu angeapa kwamba Mungu ameondoka, Mungu alikuwa amefika kabla ya askofu.

Mambo yakazidi kuwa mabaya. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum huko Kampala wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wa Uganda, Festo akiwa mmoja wao, wakamwandikia Amin barua ya tarehe 10 Februari wakilalamika juu ya mauaji na uonevu nchini. Barua za namna hiyo hazikuandikwa wakati ule bila kujua bei yake. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, wakaonyeshwa silaha zilizopangwa chini na kuambiwa kwamba Luwum ana njama. Kisha maaskofu wakaambiwa waende nyumbani, Luwum peke yake akabakizwa. Wenzake walitaka kumngoja. Walifukuzwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Festo alirudi Kabale, na habari zikamfikia kwamba askari walikuwa wamekwisha kuja kumtafuta. Yeye hakutaka kuondoka. Mchungaji akikimbia, kondoo watasema nini? Swali hilo wachungaji wengi tulio hapa tunalijua, na wengine bado linatuamsha usiku. Lakini Wakristo wake wenyewe ndio waliomsukuma aende, wakimweleza kwamba kifo cha askofu mmoja kwa juma hilo kilitosha. Basi jioni ya Jumamosi tarehe 19 Februari, Festo na Mera waliingia garini, wakaenda hadi barabara ilipokwisha. Kutoka hapo ni miguu.

Wale kati yetu waliovuka mipaka kwa miguu hawahitaji kuelezwa. Festo alikuwa amepita miaka 55 na Mera hakuwa msichana. Milima ya mpaka ule ni mikali, njia ni ya mbuzi, na usiku huwezi kuwasha taa. Walipanda usiku kucha wakiongozwa na wenyeji waliojua njia. Hakushuka malaika mwenye upanga wa moto. Kilichokuwapo ni mkono wa mtu gizani, jiwe la kushika, na pumzi iliyobaki ya kufika kituo cha mapumziko kinachofuata. Sisi tunaamini kwamba huo nao ni uwepo wa Mungu, na mara nyingi hatuupati kwa namna nyingine. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Februari 1977, walikuwa juu ya ardhi ya Rwanda, wakamshukuru Mungu.

Asubuhi ile ile huko Kampala, watu kwa maelfu walikusanyika Namirembe kwenye kaburi lililochimbwa kwa ajili ya Luwum. Mwili haukuletwa. Serikali ilikuwa imeupeleka kuzikwa kijijini kwake Mucwini. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti alisimama mbele ya kaburi tupu akawakumbusha watu kaburi lingine lililokuwa tupu, nao wakaanza kuimba.

Hapa tunaomba tuseme neno la pembeni. Rwanda iliyompokea Festo mwaka 1977 ilikuwa imewafukuza watoto wake wengi tangu 1959, na maelfu yao walikuwa wakiishi Uganda, katika kambi kama Nakivale. Kwa hiyo katika milima ile ile wengine walikuwa wamekwisha kupita wakielekea upande wa pili. Na tunajua yaliyoikuta nchi hii mwaka 1994, hata katika parokia ambazo uamsho ulipita. Hatusemi haya ili kuhukumu wenyeji wetu, maana nasi tumetoka katika nchi ambako watu wanaosali pamoja wamechinjana. Tunasema tu kwamba hakuna nchi iliyo ya kupokea siku zote wala ya kukimbiwa siku zote.

Sasa tufike pale ambapo Festo anatugusa zaidi. Akiwa uhamishoni, salama, anapokelewa kwa heshima katika makanisa ya Ulaya na Marekani, aliona kitu kinaota ndani yake. Kilikuwa chuki juu ya Amin. Kila habari mpya ya mauaji ilikiongezea mbolea. Nani angemlaumu? Alikuwa amepoteza kiongozi wake, nyumba yake na watu wake. Lakini aliona kwamba maombi yake yanakauka, na kwamba anahubiri upendo huku moyo wake ni mgumu kama jiwe. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, tarehe 8 Aprili 1977, alikuwa London katika kanisa la All Souls, watu wakitafakari mateso ya Yesu msalabani. Walipofika mahali Bwana anapowaombea wale waliomsulubisha, Festo alijua swali linamhusu yeye: je, kama Amin angekuwa ndiye mwenye nyundo, Yesu angemtoa katika ombi lile? Akaungama chuki yake pale pale.

Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake kwa Kiingereza ambacho jina lake liliwakasirisha wengi, maana lilisema anampenda Idi Amin. Waganda wengi waliofiwa waliona ni kama kuwatonesha kidonda. Sisi tunawaelewa. Lakini tusikosee kumfahamu Festo. Hakusema kwamba mauaji yalikuwa madogo, wala hakunyamaza. Kila alikokwenda aliendelea kueleza waziwazi maovu ya serikali ile. Hakungoja pia Amin aombe msamaha, na alifanya vema kutongoja, maana Amin alikimbilia nje, akaishi Saudi Arabia hadi kifo chake mwaka 2003 bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Mwenye kusamehe siku adui yake atakapotubu tu, huenda akakaa kifungoni maisha yake yote, na mlinzi wa gereza hilo hata hajui kwamba ana mfungwa. Baadhi yetu tunamfahamu kwa jina na kwa sura mtu aliyechoma nyumba yetu. Wengine wanakutana naye kwenye foleni ya maji. Kwa hao, habari ya Ijumaa Kuu ya London si hadithi ya mbali, na hatuwezi kuwaambia kwamba ni jambo la siku moja. Kwa Festo mwenyewe halikuwa la siku moja.

Pia hakukaa kusubiri tu. Pamoja na wenzake alianzisha mpango wa kusaidia wakimbizi wa Uganda, hasa vijana waliokatizwa masomo, akiwaombea ada kwa Wakristo wa nchi alizotembelea. Hoja yake ilikuwa kwamba siku moja watu watarudi, na nchi itawahitaji wakiwa wamefundishwa, wakiwa hawajaoza mioyo. Tunawaachia neno hilo walimu wetu wa shule ya jioni, ambao wanafundisha bila mshahara, na wanafunzi wanaouliza hesabu itawasaidia nini mkimbizi.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwaka huo Festo na Mera wakarudi Kigezi, safari hii kwa barabara na mchana. Furaha ilikuwa kubwa, lakini aliyoyakuta yalikuwa mazito: zahanati bila dawa, shule bila vitabu, na watu waliozoea kulipiza kisasi. Vita havikwisha Uganda, viliendelea kwa miaka. Festo alijenga, alihubiri, aliwapa wanawake daraja la ukasisi mwaka 1983 wakati wengi walikuwa bado wanabishana, na hakuacha kusafiri. Mwaka 1988 madaktari waliona ana saratani ya damu. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988, akiwa bado Askofu wa Kigezi, mbele ya uchaguzi na majengo na migogoro ambayo wengine ilibidi waimalize.