AL-JAHIDH, MTETEZI WA WATU WEUSI

Ndugu zetu Waislamu wa miji ya pwani! Sisi wana darasa tulio hapa Sosiot, katika nchi ya chai ya Kericho, tumeona ni wajibu kuwaletea habari za mwanachuoni huyu. Wangali wako miongoni mwetu watu wenye kusali safu moja na ndugu zao, kisha wakitoka msikitini humpima mtu kwa rangi yake na nasaba yake, na wa bara humwona duni.

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Alizaliwa Basra, nchi ya Iraq, karibu na mwaka 160 wa Hijra (776). Aliitwa Al-Jahidh kwa kuwa macho yake yalitokeza. Imepokewa kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mwendesha ngamia. Alikulia katika umaskini, akauza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan.

Umaskini haukumzuia kutafuta ilimu. Lugha aliisoma kwa Al-Asmai na Abu Ubayda, na ilimu ya kalamu kwa An-Nadhdham. Kwa kuwa hakuwa na mali ya kununua vitabu, husimuliwa kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu, akakesha humo akisoma. Hayo maduka ndiyo yaliyokuwa maktaba yake. Katika itikadi alikuwa Muutazila, nasi kwa hilo hatumfuati. Lakini ilimu yenye manufaa haikataliwi kwa sababu ya kosa la mwenyewe.

Alitunga vitabu vingi, maarufu zaidi Kitabul Hayawan, Al-Bayan wat-Tabyin na Al-Bukhala. Yasemekana Khalifa Al-Mutawakkil alimwita awasomeshe wanawe, na alipouona uso wake akamrudisha kwa dirham 10,000. Basi mtu huyu aliijua dharau ya sura.

Kinachotuhusu sisi khasa ni risala yake ya kueleza fahari ya watu weusi. Ndani yake aliwakusanya watu wakubwa waliokuwa weusi: Luqman mwenye hekima, Bilal, Najashi wa Uhabeshi, na Said bin Jubayr. Akabainisha kwamba weusi si adhabu wala si aibu, bali ni athari ya nchi na jua lake. Pia aliwapa Zanji nafasi ya kujitetea: kwamba watu wa Iraq wamewaona watumwa waliotoka Qanbalu tu, wala hawakuwaona watu wa Lanjuya. Wataalamu wengi wanaona kuwa Qanbalu ni Pemba, na Lanjuya ni Unguja. Tazameni, ndugu zetu! Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita visiwa vyetu vilitajwa katika kitabu kuwa hoja ya heshima ya mtu mweusi.

Alifariki Basra mwaka 255 (868 au 869), hali amepooza upande mmoja. Wengine husimulia kwamba aliangukiwa na vitabu vyake. Katika mwaka huo huo wa Hijra watumwa weusi waliokuwa wakiondoa udongo wa chumvi katika mashamba ya Basra waliasi, na vita vikadumu miaka 14. Aliyoyaandika hayakuwazindua wenye mashamba.

Mafunzo yake ni mawili. La kwanza, Suratul Hujurat imekwisha kata shauri: ubora ni ucha Mungu. Mwenye kumdharau mtu kwa weusi anabishana na Kitabu cha Mola wake. La pili, asiyeziandika habari zake huandikiwa na mwingine. Hapa Kericho, serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1934 ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai mpaka Gwassi, kando ya ziwa. Makaratasi ya jambo hilo yaliandikwa na wale wale waliowatoa. Upande wa pili ulibaki vifuani mwa wazee, na wazee hufa.

Kwa hivyo twawanasihi: kila msikiti uwe na kabati la vitabu, na kabati hilo lifunguliwe. Vijana wasomeshwe tarikhi ya watu weusi pamoja na sira, na habari za wazee ziandikwe wangali hai. Mwenyezi Mungu atusafishe nyoyo zetu na kiburi cha nasaba. Amin.